Shoga yangu, kuhusu jicho la Nelson

Tanga, Ijumaa jioni

Shoga yangu Zuhura,

Salaam nyingi sana. Sisi huku wazima, ila mvua zimetuandama mpaka paa la jikoni limesalimu amri. Mama anakusalimu. Najua nimekaa kimya tangu kabla ya Ramadhani, usininunie. Mambo yalikuwa mengi, na lile la Salma haliandikiki, linataka mkeka na birika zima la kahawa.

Naandika mbiombio kwa sababu ya ujumbe wako. Yaani katibu wenu kasimama mbele ya kikundi kizima, kaweka koti sawa, kawatolea Kizungu chake, "turn a blind eye", kwamba hata Admirali Nelson, yule kamanda wa manowari za Uingereza, alifanya hivyo na vita akashinda, kwa hiyo na nyinyi mlifumbie macho daftari la mikopo mwaka ufungwe kwa amani. Na watu wakapiga makofi! Nimecheka, nikakasirika, nikacheka tena. Wewe unaniuliza kisa hicho ni cha kweli au kakitunga usiku ule. Kisa kipo, Zuhura. Ila yeye kakikata kichwa na mkia, akawauzia kiwiliwili.

Kwanza hilo jicho. Nelson alilipoteza mwaka 1794 huko Calvi, kisiwani Corsica: kombora lilipiga kinga ya mchanga, kokoto zikamrukia usoni, jicho la kulia likazimika. Halikutoka, lilibaki mahali pake, na mtu asiyemjua asingetambua kitu. Kile kitambaa cheusi wanachomchora nacho hakukivaa. Miaka mitatu baadaye, Tenerife, wakamkata na mkono wa kulia. Kwa hiyo aliyefika Copenhagen, mji mkuu wa Denmark, mwaka 1801 alikuwa mtu wa chongo na kigutu, na bado alitaka vita kuliko wenye viungo vyote.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa biashara. Uingereza ilikuwa vitani na Ufaransa, ikawa inasimamisha meli za watu baharini na kuzipekua. Urusi, Sweden, Denmark na Prussia zikaungana kukataa. Waingereza wakapeleka manowari. Mkuu wa msafara alikuwa Sir Hyde Parker, mtu mzima, mwenye tahadhari nyingi. Nelson alikuwa chini yake. Parker akabaki nje na meli nzito, Nelson akapewa manowari kubwa 12 na ndogo kadhaa aingie nazo.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo katibu wenu alipoparuka. Usiku wa kuamkia vita, nahodha Hardy aliingia mashuani, wakapiga makasia gizani mpaka karibu kabisa na meli ya kwanza ya Wadenmark. Akapima kina kwa upondo badala ya kutupa bildi, ile risasi ya kamba ya kupimia kina, kwa sababu bildi ikitumbukia majini ingesikika. Nelson mwenyewe alikuwa ameshaihama meli yake kubwa, St George, akapanda Elephant isiyozama sana, maana pale kuna mafungu ya mchanga. Usiku huohuo alilazwa kwenye kitanda chake, hoi kwa uchovu, huku anatamka amri ya kila meli moja baada ya nyingine: wewe utatia nanga hapa, wewe utapiga ile. Makarani wakawa wananakili kwa mishumaa. Huyo ndiye mtu anayesifiwa kwa kutotazama! Kila kitu alikuwa ameshakitazama, mpaka chini ya maji.

Na bado mambo yaliharibika. Asubuhi ya tarehe 2 Aprili, Agamemnon, Bellona na Russell zote tatu zilikwama kwenye mafungu. Vita vikaanza hivyohivyo, watu wanachinjana kwa mizinga kwa karibu, hakuna upande unaolegea. Parker huko nje anaona moshi, hajui nani anashinda. Ilipofika kama saa saba na nusu mchana akapandisha bendera za ishara namba 39: acheni vita.

Nelson alikuwa anatembeatembea sitahani, kile kigutu kinachezacheza, kama ilivyokuwa desturi yake akichemka. Afisa akamwambia, mkubwa, ishara namba 39. Yeye akauliza: namba 16 yangu bado iko juu? (Hiyo ndiyo ya kumkaribia adui.) Iko. Basi ibaki. Kisha akamgeukia Foley, nahodha wa Elephant, akamwambia mimi nina jicho moja tu, nina haki ya kuwa kipofu mara mojamoja. Akaiweka darubini kwenye lile jicho bovu, akasema kwa kweli hiyo ishara siioni.

Aliyelisimulia hili ni Kanali Stewart, mwanajeshi wa nchi kavu aliyekuwa melini siku hiyo, na simulizi lake likachapishwa mwaka 1809, wakati Nelson ameshazikwa miaka mitatu. Na kuna jingine la kumchokoza nalo katibu: usemi wenyewe ulikuwa umeshaandikwa vitabuni mwishoni mwa karne ya 17, kabla Nelson hajazaliwa. Copenhagen haukuzaliwa, ulipewa tu ubini wa mtu maarufu.

Mimi anayeninyima raha si Nelson, ni Riou. Huyu alikuwa nahodha wa Amazon, ndiye aliyeongoza zile manowari ndogo, na alikuwa ameachwa peke yake mbele ya ngome ya Trekroner inayommiminia makombora. Aliiona ishara ya Parker. Macho yake yote mawili yalikuwa mazima, akatii. Alikuwa tayari na jeraha la kichwa, akalalamika, Nelson atatuonaje? Amazon ilipogeuka kuondoka, ikawapa adui kisogo, kombora likamkata palepale. Alitii amri ya mkubwa wao wote na hakuna usemi uliopewa jina lake. Wapo wanaosema Parker hakukusudia kumvunja Nelson, alitaka kumpa mlango wa kutokea kwa heshima kama ameelemewa, akijua akiweza kuendelea ataendelea. Labda. Lakini hilo angelijua nani kwenye ile meli ya Riou?

Na Nelson angeshindwa je? Ungesikia mahakama ya kijeshi, wala si darubini.

Nikuongezee kitu ambacho katibu hatokitaja. Vita vikiwa bado moto, Nelson aliandika barua kwa Frederik, mwana wa mfalme aliyekuwa anatawala Denmark, akiwaita Wadenmark ndugu wa Waingereza, na papo hapo akitishia kwamba wasipoacha kupiga, atazichoma meli alizoziteka bila kuweza kuwaokoa waliomo. Mahaba na kisu bahasha moja! Wakamletea kibandiko cha haraka cha kufungia, akakataa, akataka mshumaa na lakiri. Aliyetumwa kuuleta akauawa njiani na kombora. Nelson akasema, atumwe mwingine. Baadaye alieleza: barua ingefika na kibandiko kibichi, wangejua tuna haraka, na mwenye haraka ana shida. Mtu wa namna hii, shoga, hakuna alichoacha kukiona. Wadenmark wakakubali kusimamisha vita. Mamia walikuwa wameshakufa pande zote mbili, na kumbe Paul, mfalme wa Urusi aliyekuwa nguzo ya muungano wote ule, alikuwa ameuawa na watu wake mwenyewe mwezi Machi. Habari zilikuwa hazijafika. Parker akaitwa nyumbani, Nelson akakabidhiwa msafara.

Sasa turudi kwenye daftari. Nelson alikataa kuona kitu kimoja, amri ya mkubwa wake, na alikataa hadharani, mbele ya mashahidi, kwa kichwa chake mwenyewe. Katibu wenu anataka wanachama zaidi ya thelathini wasione hesabu, ili yeye na mweka hazina walale usingizi. Wapi na wapi? Halafu mikopo yenyewe kwa maneno yako ni ya shemeji, mpwa, na yule dada wa duka la vitenge, yote bila mdhamini. Eti mnamwonea huruma mweka hazina kwa sababu alisimama sana kwenye msiba wa Bi Tatu. Alisimama, sikatai, hata mimi nilimwona na masufuria. Ukipenda, chongo huita kengeza. Lakini sahihi inayotakiwa pale chini ya hesabu ni yako, siyo ya masufuria.

Mimi nisingesaini. Ningeomba daftari la mikopo na kitabu cha benki viwekwe meza moja, nisome mstari kwa mstari, kisha ndiyo tuongee habari ya huruma. Mkishajua ni kiasi gani, mkaamua kumpa muda alipe polepole, hiyo sawa kabisa. Nisingemtaka afedheheke, ana watoto, na mji wenyewe mdogo. Ila... sijui, pengine ni rahisi kuyasema nikiwa Tanga. Wewe ndiye utakayekutana naye kila asubuhi kwenye foleni ya maandazi.

Mwinyi anasema mimi napenda kuchochea. Mpuuze. Yeye hata chenji ya sukari haihesabu.

Haya, niambie: umeshasaini au bado? Kuna mwenzio yeyote aliyeliona hilo daftari kwa macho yake, au wote mnasikia kwa Mwajuma? Kitabu cha benki kinakaa kwa nani? Katiba ya kikundi inasemaje kuhusu kukopesha jamaa, na ile nakala tuliyoipiga chapa pamoja unayo bado? Katibu naye, kakopa kiasi gani, maana katika barua yako yote umemtaja kila mtu isipokuwa yeye? Kikao ni Jumapili hii au ijayo? Ikiwa ni ijayo, naweza kupanda basi la Jumamosi nije nikae nyuma kama mgeni wako. Utanipokea?

Nijibu upesi.

Wako,
Rehema