Hassan, polisi wamenambia sina kibali

Hassan ndugu yangu,

Vipi huko Doha, joto halijakuivisha bado? Sisi tupo, maji ndo hayapo, wiki ya tatu sasa ukifungua mfereji unatoka upepo tu, kwa hivo vijana tukakaa tukasema tuandamane hadi ofisi za maji, na safari hii tufanye kisheria isije mtu akatuita wahuni.

Basi nikaandika ile barua ya polisi. Ile sheria ya utulivu wa umma, ya tangu 1950 mkoloni bado yupo Kenya, inataka uwape notisi siku 3 kabla, isizidi 14, uonyeshe njia mtakayopita, na saa iwe kati ya 12 asubuhi na 12 jioni. Mimi nikapeleka siku 5 kabla! Afande wa kaunta akasoma, akanirudishia karatasi yangu, eti hamna kibali. Nikamwambia afande, sikuja kuomba, nimekuja kukujulisha. Aliniangalia kama nimemtukania mamake.

Hapo nikamkumbuka babako, yeye hadi leo husema "leseni". Na enzi za rais Moi ilikuwa leseni kweli, ukinyimwa basi. Saba Saba ya 1990, ule mkutano wa kudai vyama vingi uwanja wa Kamukunji Nairobi tarehe 7 Julai, ikapigwa marufuku na watu wakafa, ya 1997 wakafuatwa na virungu mpaka ndani ya kanisa la All Saints, ndo mwisho wa mwaka huo wabunge wa KANU iliyokuwa inatawala na wa upinzani wakakaa kwenye IPPG, yale mazungumzo yao ya kurekebisha sheria, na leseni ikageuzwa notisi. Juu yake kuna katiba ya 2010, kifungu cha 37, kuandamana kwa amani bila silaha ni haki yako. Ila pale kaunta bado ni 1990.

Lakini nisikufiche, shangazi akisikia tu neno maandamano anafunga kibanda chake cha viazi karai, alishavunjiwa mara moja na hakuna aliyemlipa hata shilingi. Na sheria hiyohiyo inasema mwandalizi awepo mwanzo mwisho asaidie kuweka utulivu, hiyo sehemu sisi huwa tunairuka. Juzi nimeuliza kikaoni nani atasimama pale madukani kulinda, wote wakainamia simu. Mimi mwenyewe nikanyamaza kidogo kabla sijasema sawa, nitasimama.

Kesho narudi kituoni na kopi mbili, moja waigonge muhuri nibaki nayo. Yule binamu yako wakili bado yuko Mombasa? Nitumie namba yake leo usiku tafadhali.