Usiichomeke Kwenye Soketi ya Friji

Dar es Salaam,
Jumapili jioni

Mpendwa Zuhura,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote, watoto hawajambo. Nimefurahi kusikia kwamba oveni yako ya kabatini imefika Tanga salama kutoka Dubai, lakini uliposema kuwa seremala amejitolea kuifunga plagi na kuichomeka kwenye soketi iliyo kando ya friji, nimeona nisilale kabla ya kukuandikia.

Tafadhali mzuie. Ikiwa kibandiko cha mlangoni kinasema wati 3,500, kama ulivyonieleza, basi kwa umeme wetu wa volti 230 oveni hiyo itavuta ampea 15 na ushee, ilhali plagi zetu za pini tatu zimetengenezwa kwa ampea 13. Usitegemee ile fyuzi ndogo iliyo ndani ya plagi, kwa kuwa haikatiki upesi kwa ziada kama hiyo. Plagi hupata moto polepole, siku baada ya siku, mpaka plastiki inalainika. Oveni yangu ya kwanza, niliyofungiwa na fundi ambaye sikumwuliza leseni, ilitoa harufu ya kuungua nikiwa katikati ya keki za Idi, na nilipoivuta plagi, pini moja ilibaki ndani ya soketi.

Oveni yako inahitaji waya wake peke yake, unaotoka moja kwa moja kwenye boksi la breka bila kushirikiana na friji wala birika. Fundi wangu wa sasa, mwenye leseni ya EWURA, ile mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, alinivutia waya wa milimita 4 za mraba wenye breka ya ampea 20 na kinga ya kuvuja kwa umeme ya miliampea 30, kisha akaweka swichi inayokata waya wa moto na wa newtro kwa pamoja, si nyuma ya oveni bali pembeni mwa kabati, mahali ambapo mkono unafika. Wa kwako apige hesabu yake mwenyewe kulingana na umbali. Kabla ya kugusa chochote, fundi wangu alizima mein swichi na kuhakikisha kwa tesa, na waya wa ethi, ule wa kijani na njano unaopeleka ardhini umeme uliovuja, aliuacha mrefu kidogo kuliko wa kahawia na wa bluu, ili kebo ya oveni ikivutwa kwa bahati mbaya, ethi iwe ya mwisho kuchomoka.

Kazi ya seremala ni tundu la kabati, ambalo alipime kwa kufuata kitabu cha oveni, na ubao wa nyuma autoe ili hewa ipite. Oveni ibebwe na watu wawili bila kushika mpini wa mlango, na skrubu za pembeni zikazwe, la sivyo siku utakapoegemeza trei nzito kwenye mlango uliofunguliwa, oveni nzima itakuinamia.

Sasa lile linalonitia wasiwasi zaidi. Oveni iliyosafiri baharini na kukaa stoo huweza kunywa unyevu ndani ya koili zake za kupasha moto, na mara ya kwanza ukiiwasha kinga ya kuvuja ikakata. Fundi wangu yule wa mwanzo alitaka kuumaliza usumbufu huo kwa kuukata waya wa ethi! Ukisikia ushauri wa namna hiyo, mlipe nauli aende zake. Koili zipimwe moja moja, na yenye unyevu ikaushwe au ibadilishwe.

Ikikubali, iwashe tupu kwa saa moja, madirisha yakiwa wazi, ili mafuta ya kiwandani yaungue. LUKU, mita yetu ya kulipia kabla, haitapoteza zaidi ya yuniti tatu na nusu. Lakini kwanza nitumie picha ya kile kibandiko, kabla fundi hajaenda kununua waya.

Wako,
Mwanaidi