Kwa mwanangu anayetaka kuhamia Kilifi

Mamangu,

Ile meseji yako ya juzi usiku nimeisoma mara tatu kitandani nikashindwa kuijibu kwa simu, juu kila nikianza kuandika najikuta nakwambia usiende, nafuta, naanza upya najikuta nakwambia nenda, nafuta tena. Ndio nimeona leo kabla sijafungua kibanda nikae chini na chai yangu nikuandikie polepole. Umeniuliza swali moja, mum ungekuwa ni wewe ungehama? Nataka nikujibu hilo hilo, na nisikufiche kitu.

Kwanza nakubali sababu zako. Nyumba ya Roysambu imepanda mara mbili tangu uingie, maji siku mbili kwa wiki, na wewe kazi yako iko ndani ya laptopu, bosi wako yuko Marekani hajui kama uko Thika Road ama uko chini ya mnazi. Hayo yote ni kweli. Lakini kuna mahali umeandika "hakuna kitu kinanishika Nairobi, sina mtoto, sina bwana, sina ofisi". Hapo ndio nilizima simu nikakaa nayo sana. Sikukasirika, na habari ya kuolewa sio hadithi ya leo, hiyo tuliimaliza mwaka jana na niliahidi sitairudia. Ni vile hilo neno la kushikwa nimewahi kulisema mimi pia nikiwa mdogo kukuliko, na nikaona matokeo yake.

Sijawahi kukupa hii hadithi yote. Mwaka wa 1993 nilikuwa na miezi nane Nairobi, nimetoka Makueni na kasanduku ka mbao, nimepanga chumba Jericho ndani ya nyumba ya watu, nafanya kazi kiwanda cha nguo kule Industrial Area zamu ya usiku. Zamu ya usiku unaijua wewe. Natoka kazini watu wanaenda kazini, naamka watu wanarudi wamechoka, Jumapili nalala. Wapangaji wenzangu hata jina langu walikuwa hawajui, waliniita yule wa usiku. Basi nikashikwa na taifodi. Siku ya kwanza nikasema ni uchovu, ya pili sikuweza kusimama, ya tatu sikumbuki vizuri. Kule kazini walidhani nimeacha kazi juu wasichana walikuwa wanaacha kila wiki, na nyumbani barua ilikuwa inachukua wiki mbili. Nani aligundua? Mama aliyekuwa anauza mboga kwa geti ya ile ploti. Kila asubuhi nikitoka zamu nilikuwa napitia kwake nanunua sukuma, tunasalimiana, ananiuliza kama nimekula. Siku tatu hakuniona, akaacha mboga zake akaja kugonga, akagonga mpaka mwenye nyumba akakuja na ufunguo. Hakuwa ndugu yangu, hakuwa Mkamba, na lugha yetu ya kuongea ilikuwa Kiswahili kibovu cha wote wawili. Ni huyo alinishika, mamangu, na mimi nilikuwa nasema sina mtu.

Kwa hivyo ukiniuliza Kilifi ama Nairobi, mimi siangalii bahari wala kodi kwanza. Naangalia ukikosa kuonekana siku mbili nani atagonga mlango. Roysambu najua nani atagonga, kuna keateka, kuna yule msichana wa saluni chini ambaye hata namba yangu anayo, na mimi niko Umoja, matatu mbili nimefika. Kilifi bado sijui, na nadhani hata wewe hujui.

Unaweza kuniambia mum huko nina marafiki, tulikuwa nao Desemba. Sawa, lakini hebu hesabu vizuri. Ulikaa siku kumi, upepo ulikuwa wa kaskazi, bahari imetulia, na wale watu mlikula nao samaki nusu yao walikuwa wametoka Nairobi kama wewe na wakarudi kabla shule kufunguliwa. Hiyo ni Kilifi ya wageni. Kuna Kilifi ya Mei ambayo hujaiona. Masika ya pwani yanaanza karibu Aprili na Mei ndio mwezi wa mvua kubwa, upepo umegeuka kuwa kusi, bahari inachafuka, wageni hakuna, nguo zinakaa kwa kamba siku tatu na zikikauka zinanuka, viatu vya ngozi vinaota ukungu kabatini. Babako marehemu alifanya kazi Mombasa miaka minne na ndiye alikuwa ananiambia hayo, alikuwa anasema pwani haimkatai mtu kwa jua, inamkataa kwa mvua. Sisemi ni kubaya. Nasema mahali unapotaka kuishi upaone siku pakiwa pamenuna, hata mtu wa kuoa tunamchunguza hivyo.

Sasa kuna hii ya masaa yako na naomba usiipite haraka. Bosi wako wa New York akianza saa tatu asubuhi yake, kwetu saa hii ni saa kumi na moja jioni, unamaliza saa saba usiku, na Machi wakibadilisha saa zao inakuwa saa kumi hadi saa sita. Hapa Nairobi umezoea na watu wako wamekuzoea. Lakini mji mgeni mtu anapata watu jioni. Jioni ndio watu wanakaa barazani, ndio kwaya inafanya mazoezi, ndio watu wanatoka kazi wanapiga stori, na hiyo jioni yote wewe umevaa hedifoni unaongea na watu wa ng'ambo. Asubuhi ukiwa huru wao wako kazini. Unaweza kukaa Kilifi mwaka mzima na watu unaowajua ni wa skrini tu.

Na kitu kingine, majirani. Msichana wa bara anaishi peke yake, mchana amelala, taa inawaka hadi usiku wa manane, asubuhi hatoki kwenda kazi na kodi analipa bila shida. Watu watajiuliza, hata mimi ningejiuliza. Usiwaache wajijibu. Wiki ya kwanza jitambulishe, sema kazi yako ni ya kompyuta na ni ya usiku juu wenye kazi wako Marekani, mwambie mwenye nyumba, mwambie jirani wa kila upande. Na usalimie watu, tafadhali. Sisi wa Nairobi tumezoea kuingia dukani tunasema "nipe maziwa". Huko unaanza na hujambo, mzee unampa shikamoo, unauliza habari za nyumbani halafu ndio unasema naomba maziwa. Hiyo dakika moja ndio itakupa mtu wa kukugongea.

Kwa afya, hospitali sio tatizo langu kubwa, Kilifi kuna hospitali kubwa ya kaunti na watafiti wa malaria wako hapo miaka mingi. Lakini hiyo malaria iko kweli, na wewe umezaliwa Pumwani ukakulia Umoja, mwili wako haujazoea, homa ya huko usiichukulie kama homa ya Nairobi ukameza panado ukalala. Net kila usiku, na ukisikia baridi na joto limejaa nje, nenda upimwe siku hiyo hiyo. SHA yako, ile bima ya afya ya serikali, pia uangalie kama iko sawa, wewe hukatwi kwa mshahara kama wenzako wa maofisi, usipolipa mwenyewe hakuna atakayekulipia. Swali langu kubwa ni nani atakuitia tuktuk saa nane usiku.

Pesa sitaongea sana, we ni mkubwa. Roysambu unalipa elfu ishirini, huko wamekuambia kumi na nne. Hiyo elfu sita ndio watu wanaonyesha wenzao, lakini toa feni na tokeni za stima, toa maji ya kunywa ya kununua juu maji ya visima vya huko mengi yana chumvi, halafu toa treni. SGR ya kawaida ni 1,500 kwenda na 1,500 kurudi tangu walipopandisha 2024, na hiyo inakuacha Miritini, bado matatu ya kuingia mjini na nyingine ya Kilifi, na foleni ya Mtwapa. Ukija kutuona kila mwezi ile faida imeisha. Ukiacha kuja ndio faida ibaki, hapo tutaongea mimi na wewe.

Ila kuna kitu nimegundua jana nikipiga hesabu na nikafurahi. Treni ya asubuhi inayosimama kaunti kwa kaunti inasimama Emali. Kumbe ukitoka pwani kwenda kwa susu, nyanyako wa Makueni, hupitii Nairobi, unashukia Emali unachukua gari ya Wote umefika. Mazishi, harusi, mavuno, utafika bila kuzunguka.

Intaneti unaijua kuniliko lakini nikumbushe tu ile Mei 2024 nyaya za chini ya bahari zilikatika ukaja kwangu na laptopu umejaa wasiwasi, miting inakwama, na tena ile Agosti 2023 stima ilipotea nchi nzima usiku. Hapa ulikuwa na pa kukimbilia, kwangu, kwa rafiki, kwa ile kafe yenye genereta. Usidhani kwa sababu hizo nyaya zinatokea Mombasa basi kila nyumba ya Kilifi ina fiba. Uliza hiyo nyumba, sio mji, na usiulize ajenti, uliza mpangaji wa mlango wa pili stima hupotea mara ngapi na hurudi baada ya muda gani. Na dipoziti usitume kwa picha za WhatsApp. Kijana wa jumuiya yetu alitumia mtu elfu thelathini kwa nyumba nzuri ya karibu na bahari, kufika hapo akapata ni nyumba ya watu wanaishi, hata hawajui anaongea nini.

Umefika hapa unaona mum anakataa. Hapana. Ngoja nikwambie ile nyingine ambayo hata babako hakuijua vizuri. 1998 nilipewa nafasi ya kuenda Mombasa, kazi ya kusimamia washonaji, mshahara karibu mara mbili. Ulikuwa na miaka miwili. Nilisema sitaenda kwa sababu ya mtoto, kila mtu akanisifu mama mzuri. Ukweli ni kwamba niliogopa. Sikuuliza nyumba, sikuuliza shule, sikuenda kuona hata siku moja, nilikaa tu na hofu yangu nikaiita wewe. Mpaka leo nikipita mahali nasikia mtu anaongea Kiswahili cha Mombasa huwa najiuliza. Sitaki ukae Nairobi kwa sababu ya hofu yangu halafu ukiwa na miaka hamsini uiite mimi.

Kwa hivyo mimi ningefanya hivi. Ningeenda Mei. Mei, Juni, Julai, miezi mitatu, kwa nyumba yenye vitu ndani, nikiwa nafanya kazi zamu yangu kamili bila likizo hata siku moja. Roysambu usirudishe funguo. Binamu yako anamaliza chuo Aprili na anatafuta mahali, akae kwako alipe nusu ya kodi, friji na kitanda visiuzwe. Ukiwa huko asubuhi yako itumie vile watu wanatumia jioni, nenda soko ukiwa na usingizi hata kama unaweza kuagiza kwa simu, mahamri nunua kwa mtu mmoja kila siku, kanisa moja, njia moja, mpaka mtu akuulize jana ulikuwa wapi. Ukifika mwisho wa Julai na hakuna hata mmoja amekuuliza hivyo, rudi, na usione aibu, hakuna mtu hapa atakucheka. Na wakikuuliza wengi, niambie tu, nitakuja na wewe kuchukua vitu.

Mimi utaniacha na upweke, hilo ni kweli na sitaki ulisikie kwa mtu mwingine. Jumapili bila wewe itakuwa ndefu. Lakini nina kibanda, nina chama, nina jumuiya, na yule mama wa nambari tano ananigongea kila asubuhi hata kabla sijaoga. Nimeshikwa vizuri.

Jumapili napika muthokoi, kuja mapema kabla hujaanza kazi tuangalie kalenda pamoja. Halafu ile feni ya babako, ile ya chuma aliyotoka nayo Mombasa, nimeitoa juu ya kabati. Fundi ameiangalia jana akabadilisha waya na plagi, inazunguka bila kelele. Usiondoke bila hiyo.

Mum