Asante, fundi uliyesema "pimeni pembe kwanza"

Ndugu uliyetusaidia bila kutaja jina, tunakushukuru kwa dhati. Tulikuwa tumebadilisha injini ya gari: ilishaingia, gari linatembea, lakini linatetemeka likikolea mwendo, nasi tukawa tunailaumu balansi ya propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kutoka gia boksi hadi difu ya ekseli ya nyuma.

Maelezo yako yalikuwa kamili. Maunti (vishikizo vya injini na gia boksi) za kuchomelea hubadilisha mlalo wa mkia wa gia boksi. Kwa hiyo pembe hupimwa sehemu tatu: gia boksi, propela, difu, gari likiwa limekalia matairi yake, maana likining'inia kwenye jeki difu hushuka na vipimo vinadanganya. Kwa propela ya kipande kimoja, mkia wa gia boksi na pua ya difu ziwe sambamba, tofauti isizidi nyuzi 1, na kila krosi, yaani kiungo kinachojikunja kwenye ncha ya propela, ipate nyuzi 1 hadi 3. Sifuri kabisa nayo ni mbaya! Vijiti vya beringi havizunguki, vinachimba palepale mpaka krosi inakufa. Hili wengi hawalijui.

Kwetu, bamba la milimita 6 chini ya maunti ya gia boksi limerekebisha pembe na kumaliza kazi.

Na ule waya wa ethi uliousisitiza: maunti ni mpira, haupitishi umeme, hivyo bila waya mnene wa bloku (mwili wa injini) hadi chasi, mkondo wa stata, mota ya kuwashia injini, hupita kwenye kebo ya klachi na kuiunguza. Rangi tumeikwangua chini ya boliti hadi chuma kikang'aa. Stata ikizungusha, mita inasoma volti 0.15 tu kati ya bloku na hasi ya betri, ishara kwamba ethi ni nzuri. Asante sana, fundi.