Barua kwa wababa wa Goma: mtoto aliyelala na viatu

Wababa wenzangu wa Goma, kuanzia Birere mpaka Ndosho, Majengo, Mabanga, Himbi na Kyeshero, ninyi wote wenye kijana wa miaka 12 mpaka 18 nyumbani, jambo yenu.

Ninawaandikia ninyi kwanza. Wamama wakitaka kusoma wasome, ila mengi ya haya wao wanayajua tayari, na wengine wametuambia mara nyingi tukawajibu kwamba tumechoka. Nimefundisha hesabu miaka 34 katika shule za sekondari za mji huu. Baadhi yenu mlipita mikononi mwangu mkiwa na kaptula. Kwa hiyo nivumilieni niseme kama mzee anavyosema na watoto wake waliokua.

Nianze na kosa langu. Mwaka wa masomo uliofuata mlipuko wa volkano yetu Nyiragongo wa Mei 2021, nilikuwa na mvulana wa miaka 13 katika darasa la nane. Alikuwa analala darasani. Si kusinzia, kulala kabisa, mate yanalowesha daftari. Tunaanza saa moja na nusu asubuhi, na saa mbili yeye ameshaanguka juu ya meza. Nilimwonya. Nikampigisha magoti mbele ya wenzake. Nikamrudisha nyumbani siku mbili. Siku moja nikasema, darasa zima likisikia, kwamba mvivu kama huyu mwisho wake ni kusukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Baba yake alikuwa anasukuma chukudu, na pesa ya chukudu hiyo ndiyo iliyolipa minervali yake, yaani ada ya shule.

Mama yake akaja. Alisimama mlangoni, hakutaka kuingia. Akaniambia: "Mwalimu, huyu mtoto halali usiku. Tangu volkano analala na viatu miguuni. Nikimvua akishashikwa na usingizi, anaamka, anavivaa tena." Viatu vyenyewe nilikuwa naviona kila siku: raba nyeusi, kamba zimefungwa mafundo mawili mawili, zimekazwa mpaka ngozi ya raba imekunjamana. Mtoto gani anafunga viatu vya shule hivyo? Sikuuliza. Nilimwomba msamaha mbele ya darasa lile lile, na ilinichukua wiki tatu kupata ujasiri huo.

Mnakumbuka Jumamosi ile ya tarehe 22, mbingu ilivyogeuka nyekundu jioni, watu wakajaa barabarani kuelekea Sake na kuelekea mpaka wa Rwanda. Lava ikasimama karibu na uwanja wa ndege. Kisha ardhi ikatikisika siku baada ya siku, na tarehe 27 ikaja amri mitaa kumi ihame. Sisi wakubwa tulikuwa tumeona ya 2002, lava ilipopita katikati ya mji mpaka ziwani. Tukasema ni ile ile, imerudi. Lakini kwa mtoto wa miaka 12 ilikuwa mara ya kwanza kujua kwamba nyumba inaweza kuachwa kwa dakika tano. Na hajamaliza kulisahau hilo, vikaja vita vya Januari 2025, na watoto wetu wakapita mitaani kukiwa na maiti. Fanyeni hesabu nami. Aliyekuwa na miaka 11 wakati wa volkano alikuwa na 14 au 15 wakati wa vita. Ujana wake wote umekaa kati ya mikimbio miwili. Ndiye huyo mnayemwambia amekuwa mkaidi.

Miaka yote nikifundisha sikujua ubongo wa hao wanafunzi unavyokua. Nimejifunza nikiwa mzee, kwa kusoma na kwa kuwauliza waganga wa hospitali. Balehe inapoanza, sehemu ya ubongo inayopokea hofu, hasira na tamaa inashika nguvu mapema. Sehemu ya mbele, nyuma ya paji la uso, ile inayopima na kuzuia, inaendelea kukomaa mpaka karibu na miaka 25. Mmeona chukudu ikishuka kutoka Kibumba na magunia ya viazi. Mzigo umeshajaa, mteremko ni mkali, na breki yenyewe ni kipande cha tairi kinachokanyagwa kwa mguu. Mtoto wa miaka 15 anayefoka, anabamiza mlango, kisha nusu saa baadaye anaona aibu mwenyewe, yuko kwenye mteremko huo. Adabu uliyomfundisha bado anayo.

Usingizi nao. Homoni inayoleta usingizi, melatonini, kwa kijana inakuja usiku zaidi kuliko kwa mtoto mdogo. Saa tatu usiku macho yake bado yako wazi, na saa kumi na moja alfajiri unapogonga akachote maji, yeye yuko katikati ya usiku wake. Mwili wa umri huo unataka masaa 8 mpaka 10 ya kulala. Akipata 6, kwa siku sita za masomo anadaiwa masaa 12 kwa uchache. Deni hilo analilipa darasani. Kama kuna mdogo wake au wewe mwenyewe mnaoweza kuchota maji mara mbili kwa wiki, mpumzisheni. Na simu ilale chumba cha wazazi, ya kwako pia.

Hofu ina kazi yake. Ukisikia risasi, mwili unamwaga adrenalini na kortisoli, moyo unakwenda mbio, tumbo linaacha kusaga chakula, ili miguu iweze kukimbia. Risasi zikinyamaza mwili unapaswa kurudi chini. Kwa kijana ambaye hakuna aliyezungumza naye, mara nyingi haurudi. Unabaki umesimama mlangoni na mzigo kichwani, mwezi wa pili, mwezi wa sita. Ndiyo maana binti anaumwa kichwa na tumbo kila Jumatatu, mnampima malaria, haionekani, mnampa dawa ya malaria hata hivyo. Maumivu hayo si ya uongo. Tumbo linauma kweli.

Sasa nifike kwetu wanaume. Tarehe 10 Januari 1977 nilikuwa na miaka 13, Nyiragongo ilipopasuka na ziwa lile la moto likamwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Baba yangu hakulitaja jambo hilo nyumbani mpaka alipokufa. Nilidhani ni ushujaa. Nilipokuwa baba, mwaka 2002, nikawafanyia watoto wangu vile vile: nikajenga upya nyumba ya mbao juu ya mawe meusi, nikaona nimemaliza wajibu wangu.

Aliyenifundisha ni mke wangu, na hakujua ananifundisha. Binti yetu alikuwa na miaka 14. Jioni moja walikuwa wameketi uani wanachambua maharagi, sinia katikati yao, mimi niko ndani karibu na dirisha. Walichambua muda mrefu bila neno. Halafu mtoto akasema, bila kuinua macho: "Mama, mimi nikilala nasikia ile harufu." Mke wangu akatoa kijiwe, akakiweka pembeni. "Harufu ya nini?" Basi. Hakuacha kazi, hakumkazia macho. Na mtoto akaanza kusema. Mimi nikasimama nitoke niwaambie kwamba mambo hayo yamepita, tumshukuru Mungu. Mke wangu akainua mkono wake nyuma ya mgongo, kiganja wazi, bila kugeuka. Nikarudi kukaa. Binti yule alisema mpaka giza likaingia, na maharagi yalipikwa kesho yake.

Nimelifikiria jioni hilo kuliko somo lolote nililofundisha. Sisi wababa tukitaka kuongea na kijana tunamwita sebuleni, tunamketisha mbele yetu, tunaanza: "Mwanangu, nataka tuzungumze." Hapo tayari ni mahakama. Kijana anasema akiwa na kazi mikononi na macho yake yana pa kwenda. Mchukue mkatengeneze mlango. Mshuke pamoja ziwani na mabidoni ya kuchotea maji. Mpeleke mkanunue sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa. Muulize kitu kimoja, kidogo, kisha unyamaze. Kunyamaza huko ni kugumu sana kwa mtu aliyezoea kuwa baba. Dakika tatu zitapita, utatamani kutoa shauri. Usitoe. Na akianza kusema, usimpimie shida yake na ya wengine. Nimesikia baba akimwambia mwanawe: "Wenzako walilala kambini Bulengo chini ya plastiki, wewe una kitanda, unalia nini?" Mtoto yule alinyamaza, ndiyo, na baba akaona amemtuliza.

Na mabinti. Siku binti anapoanza kuona mwezi wake, nyumba inamwongezea kazi na baba anampunguzia maneno. Jana mlikuwa mnacheka naye, leo unapitisha ujumbe kwa mama yake. Yeye anaelewa kwamba amefanya kosa ambalo hajui ni lipi, na wakati huo huo wanaume wa njiani wameanza kumsemesha. Endelea kumsalimia kwa jina lake. Endelea kumuuliza masomo. Aone kwamba akitishwa na mtu yeyote, hata awe mwalimu, hata awe ndugu yako, wewe utamwamini.

Pesa nitaisema kwa kifupi kwa sababu wote tunaijua. Mabenki yalifungwa mwaka 2025, kazi zikapotea, na nyumba zetu ni za mbao: unachomnong'onezea mama yao usiku kuhusu minervali, kijana anakisikia chote, na anajihesabu yeye ndiye mzigo. Mwambie ukweli mfupi mchana. "Pesa bado sijapata. Naitafuta. Si kosa lako." Maneno hayo hayagharimu faranga.

Kuna jambo zito zaidi. Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba kijana 1 kati ya 7 wa miaka 10 mpaka 19 ana tatizo la afya ya akili, na hiyo ni hesabu ya dunia nzima, pamoja na miji isiyojua vita. Darasa langu la mwisho lilikuwa na wanafunzi 56. Gawanyeni. Kwa hiyo kijana akipita wiki mbili na zaidi hali chakula vizuri, amejitenga na marafiki, ameacha mpira au kwaya aliyoipenda, ameanza pombe kali au bangi, anajikata ngozi, anagawa vitu vyake, au anasema "afadhali nisingekuwepo", usiseme ni umri utapita. Muulize wazi: "Mwanangu, unafikiria kufa?" Kumuuliza hakumwingizii wazo hilo kichwani; kama lipo, kunampa pa kulitua. Akikubali, usimwache peke yake usiku huo, ondoa nyumbani dawa ya panya, dawa za mashamba na vidonge, na asubuhi mwende pamoja kwa waganga wa hospitali. Goma tunacho kituo cha afya ya akili, Tulizo Letu, cha Mafurere wa Charité, watawa wa Katoliki. Najua watu wanavyosema, kwamba huko ni kwa wenda wazimu. Wanaosema hivyo hawatamlea mwanao.

Wala sisemi muache maombi. Mimi ni mtu wa kanisa na nitakufa hivyo. Lakini mtumishi yeyote akikuambia mtoto anayeota ndoto mbaya ni mchawi, au akimfungia chumbani bila chakula, au akimkataza dawa ya hospitali, mtoe mtoto mahali hapo siku hiyo hiyo. Kati ya maibobo, watoto wa mitaani, mnaowaona Birere wamo waliofukuzwa nyumbani kwa neno hilo moja. Nimemfundisha mmoja wao. Alikuwa anajua kugawanya sehemu kuliko wote.

Ninyi mlio walimu pia, mnisikie: anayelala darasani muulize analala saa ngapi na analala wapi, kabla ya kumpigisha magoti.

Mvulana wa viatu, tulikubaliana na mama yake asimvue tena. Baba yake akahamishia mkeka wake mwenyewe chumba cha watoto, karibu na mlango, na mimi nikamwacha alale saa ya kwanza, akiamka ananakili ya wenzake. Ilichukua muda mrefu, karibu muhula mzima na nusu, mpaka akaanza kulegeza kamba. Vita vya 2025 vilimrudisha nyuma, kisha akainuka tena. Mwaka huu yuko finalisti, darasa la mwisho la sekondari, anajiandaa kwa egzamen ya Leta, mtihani wa serikali. Wenye wafinalisti nyumbani, usiku wa kuamkia egzamen zimeni taa mapema. Alichokuwa hajakijua kufikia saa mbili usiku hatakijua saa nane.

Kila Jumamosi baada ya saa nane mchana niko uani kwangu Mabanga, na benchi mbili na ubao. Anayetaka kuja na mwanawe aje naye, kwa hesabu au bila hesabu. Njooni na bidoni tupu, kwa jirani kuna tanki linalotoa maji mpaka saa kumi na moja, mtakwenda kuchota ninyi wawili.

Ni mimi mwalimu wenu mzee,
Mabanga, Goma