Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya wa Uingereza: msitutwike aibu yote sisi

Mheshimiwa Waziri,

Nakala ya Kiingereza nimeituma ofisini kwako. Hii ya Kiswahili naiweka hadharani kwa ajili ya wenye kadhia yenyewe, Waswahili wenzangu mnaoishi huku, mliotoka Mombasa, Unguja, Dar na Bukavu. Si vizuri mtu ajadiliwe asijue.

Mimi ni mwanasaikolojia tiba, mwanamke Mweusi mzaliwa wa Mombasa, mtumishi wa NHS, huduma ya afya ya umma ya Uingereza, jijini London. Kwenye semina zetu wimbo ni uleule: watu Weusi hawaji kutibiwa maradhi ya akili kwa sababu mila zao zinawatia aibu. Sitakana kwamba kuna ukweli. Kwetu mtu akianza kusikia sauti, kwanza husomewa, au huombewa mpaka wachungaji wakaukwe makoo. Wapo wanaoniomba barua za kliniki zisitumwe nyumbani, maana wifi ndiye anayefungua posta. Binti anaogopa posa itavunjika, kwani nani atataka kuoa kwenye ukoo wenye kichaa? Mwanamume mwenye sonona atakwambia ana mawazo tu, akipata kazi yataisha.

Lakini hiyo ni nusu ya habari. Nusu nyingine ni woga, na woga huo tumeukuta hapahapa. Takwimu za NHS yenyewe zinaonyesha kuwa uwezekano wa Mweusi kulazwa kwa nguvu chini ya Sheria ya Afya ya Akili ya 1983 ni zaidi ya mara tatu ya ule wa Mzungu. Kwenye amri zinazomwekea mgonjwa masharti hata akisharuhusiwa kurudi nyumbani, pengo ni kubwa zaidi.

Watu wanakumbuka, Mheshimiwa. David Bennett, mzaliwa wa Jamaica, alifariki 1998 katika kliniki moja ya Norwich baada ya wauguzi kumkandamiza sakafuni kifudifudi. Olaseni Lewis, kijana wa miaka 23, alikubali kulazwa kwa hiari yake mwaka 2010. Polisi 11 walimkandamiza akazimia, na siku chache baadaye akafariki. Ndiyo maana sheria ya 2018 inayodhibiti matumizi ya nguvu wodini inajulikana kama Sheria ya Seni. Mama aliyesikia habari hizi akimfungia mwanawe chumbani, anakosea, lakini mimi siwezi kuuita ujinga.

Nami niko katikati. Wodini mgonjwa Mweusi hunikazia macho: "Dada, wewe uko upande gani?" Kwenye kikao cha timu nageuka msemaji wa bara zima, niwaelezee Mnigeria, Msomali, hata Mjamaika (kwao sijawahi kukanyaga). Faili linasema mgonjwa ni mkali, anatisha. Nikienda namkuta mvuvi mstaafu wa Pemba, anayeongea kama mtu aliyezoea kushindana na upepo.

Kuna jambo moja ambalo sidhani limewahi kufika mezani kwako. Waswahili hapa ni wachache, tunajuana. Mkalimani anayeletwa leo kliniki, Jumamosi mtakutana naye harusini, amekaa meza moja na shangazi yako. Ameapa kutunza siri, sawa, lakini nani ataeleza habari za ndoa yake mbele ya mtu huyo? Mgonjwa hunyamaza, na sisi tunaandika kwamba hakutoa ushirikiano. Dawa yake si ghali: mkalimani wa mji mwingine, kwa simu, aliyechaguliwa na mgonjwa mwenyewe, na awe huyohuyo mpaka matibabu yaishe. Na kamwe asiwe mtoto wa mgonjwa.

Mfumo wa PCREF, uliotokana na mapitio ya Sheria ya Afya ya Akili yaliyoongozwa na Sir Simon Wessely mwaka 2018, unazitaka hospitali za akili zipime tofauti hizi za rangi na kuzirekebisha pamoja na jamii zenyewe. Umeandikwa vizuri, lakini hauna meno. Hospitali ambayo pengo lake halipungui, bosi wake apoteze kitu, naye aje kujieleza mbele ya familia zetu. Na badala ya mabango ya kutuhimiza tufunguke, lipeni wanasaikolojia wakae misikitini na makanisani, mtu apate wa kuzungumza naye kabla jirani hajapiga simu polisi.

(Ndugu msomaji, nchini England huhitaji barua ya daktari kuomba tiba ya mazungumzo ya NHS. Unajiandikisha mwenyewe, ni bure, na una haki ya mkalimani. Hali ikiwa ya dharura, piga 111 uchague huduma ya afya ya akili. Maisha yakiwa hatarini, piga 999.)

Mheshimiwa, nakualika uje uzungumze na wazazi wa wagonjwa wa jamii yetu. Jumapili baada ya ibada wanakuwa na nafasi. Wamenipa sharti moja tu: usije na waandishi wa habari.

Wako katika kazi,
Mwanasaikolojia tiba, London