Kaka amenilipia kianzio cha gari nisilolitaka, eti kimya changu kilikuwa jibu

Shikamoo Shangazi,

Nimekusoma miaka mingi bila kukuandikia. Nilidhani mambo yanayoletwa kwako ni ya ndoa na mapenzi, na langu mimi limeanzia kwenye simu likaishia kwenye gari. Lakini katikati yake yupo kaka yangu, na huyo ndiye anayeninyima usingizi.

Nianze na simu. Miezi minne iliyopita niliamka asubuhi nikakuta jumbe 312 sijazisoma. Nilikuwa kwenye makundi 14 ya WhatsApp: la ukoo, la wazazi wa darasa la mwanangu, la niliosoma nao, la majirani, matatu ya kazini (moja la kazi, moja la kazi bila bosi, na la tatu mpaka leo sijui lilikuwa la nini), na moja la maandalizi ya harusi ya mtu ambaye sasa ana watoto wawili. Mengine nayaruka. Basi nikawa napiga mswaki huku nasoma, kidole kikiteremka tu. Mtu mmoja alikuwa anapongezwa kwa kufaulu mtihani. Chini yake nikaona jina la rafiki yangu na ujumbe mrefu, nikaunganisha mawili hayo kichwani bila kuusoma. Nikaandika, "Hongera sana mpenzi!" na maua matatu.

Shangazi, alikuwa anatangaza kifo cha mama yake.

Nilifuta baada ya dakika sita, lakini unajua ukifuta inabaki ile alama kwamba ujumbe umefutwa, na waliokwisha kuona wameona. Nilimpigia simu palepale. Akacheka huku analia, akasema mama yake mwenyewe angecheka. Amenisamehe. Mimi ndiye sijajisamehe, na siku hiyo nikaamua kupunguza.

Sikufuta programu, maana kuna watu wazima kwetu ambao simu ya kawaida hawaijui tena, wanajua tu kubonyeza kile kipaza sauti. Nilichofanya ni kutoka kwenye makundi manane. Tangu 2022 ukiondoka kundini hutangazwi kwa kila mtu, anajulishwa msimamizi peke yake. Wawili kati ya hao wasimamizi walinitangaza wao wenyewe, lakini hayo tuyaache. Makundi yaliyobaki niliyaweka kwenye kumbukumbu yasinirukie usoni, nikazima arifa zote, nikazima na zile tiki za buluu ili mtu asinihesabie kwamba nimesoma sijajibu. Nikawaambia wote: nafungua mara moja tu, saa tatu usiku, nusu saa. Mwenye haraka anipigie.

Nisikudanganye kwamba nimekuwa malaika. Wiki ya kwanza mkono ulikuwa unaifuata simu wenyewe, kama ulimi unavyofuata jino lililong'oka. Na yapo niliyoyakosa. Mwenzangu wa ofisini alijifungua nikajua baada ya siku tisa. Nimegundua pia kwamba watu hawapigi simu. Ukimwambia mtu "nipigie" anakuona umemtwisha mzigo. Hata hivyo nilianza kumaliza sentensi zangu, na usiku nalala.

Sasa gari. Nimehamishiwa kituo cha kazi cha mbali na nimejidunduliza pesa ya kutosha gari dogo lililotumika, injini ya lita 1.3 kushuka chini, la kunifikisha na kunirudisha. Zamani ningefanya wanavyofanya wote: ningetupa picha kwenye kundi la ukoo, watu 60 wapige kura, mmoja aseme aina hiyo spea zake ni ghali, mwingine aseme shemeji yake analo mwaka wa saba halijawahi kukohoa, na mwisho ningenunua walichotaka wao. Safari hii nikasema hapana. Nitakwenda mwenyewe, nitaketi kwenye usukani, na simu itabaki mkobani imezimwa.

Dereva mmoja mzee wa ofisini kwetu alinielekeza, na naona maneno yake yamenifaa kuliko kura zote zile. Alisema: "Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, gusa boneti kwanza. Ikiwa ya moto, jiulize kwa nini." Injini baridi haijui kuficha, ndivyo alivyosema. Ikiwaka, angalia bomba la moshi: moshi wa buluu inaunguza oili, mweusi inakula mafuta kupita kiasi, mweupe mzito usiokatika hata injini ikishapata joto maji yanaingia yasikotakiwa. Taa za dashibodi ziwake zote unapofungua swichi, kisha zizimike. Taa isiyowaka kabisa ni mbaya sawa na isiyozimika, kwa sababu kuna wanaozing'oa. Ubavuni mwa tairi zipo tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka, kwa hiyo 2319 ni wiki ya 23 ya 2019, na tairi lenye kashata nzuri linaweza kuwa limezeeka. Kisha redio izimwe. Hilo alilirudia mara tatu.

Gari la kwanza boneti ilikuwa ya moto. Muuzaji akasema amelitoa kuliosha. Redio ilikuwa juu, na kila nilipoizima aliiwasha tena kunionyesha spika. Sikununua.

La pili silitaji, lilikuwa na harufu.

La tatu lilikuwa Honda Fit la mama mmoja mstaafu. Nilipofika alikuwa amekaa barazani na funguo mezani, gari baridi kama jiwe. Kabla sijaliona alinionyesha mwenyewe mkwaruzo wa bampa la nyuma, akasema aligonga nguzo akirudi nyuma na kosa ni lake. Daftari la matengenezo lilikuwa limeandikwa kwa mkono, kila mara oili ilipobadilishwa na kilomita zake. Hilo gari tangi la mafuta limewekwa chini ya viti vya mbele, ndiyo maana kiti cha nyuma unaweza kukiinua makalio yake kikasimama, ukaingiza hata chungu cha mti umesimama wima. Nilichekelea kama mtoto. Tukaenda dakika 40. Yule mama hakusema neno mpaka nilipomwuliza. Niliachia usukani kidogo kwenye barabara tupu, halikuvuta upande. Nilikanyaga breki kwa nguvu, usukani haukutetemeka. Nilipanda nalo mlima, nikalirudisha kinyumenyume, nikakata kona mpaka usukani ukagota, kimya. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilijua ninachokitaka bila kumwuliza mtu. Nikamwambia nitarudi Jumamosi na fundi alikague chini, na fundi akikubali nalipa. Akasema atanisubiri.

Usiku ule ule, saa tatu, nikafungua simu, nikakuta kaka yangu ameniandikia, "Nimeshalipa kianzio. Jumatatu tunachukua."

Kumbe siku mbili kabla alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Anaeleza kuna gari dogo la rafiki wa rafiki yake, bei nzuri, watu wengine wanalitaka, kwa hiyo "usiponiambia hapana mpaka kesho jioni nitajua umekubali." Mimi ujumbe huo sikuusikia. Mwanangu wa miaka mitano ndiye aliyeichukua simu kutafuta picha za paka, akabonyeza, akamsikiliza mjomba wake mpaka akachoka. Na hapa ndipo nilipojifunza jambo ambalo laiti ningelijua: ukizima tiki za buluu, ujumbe wa sauti haumo. Ukichezwa tu, kile kipaza sauti kwa aliyetuma kinageuka buluu. Kaka akaona buluu. Akasubiri mpaka jioni ya pili. Kimya. Akalipa kwa pesa yake.

Nilimpigia nikamweleza. Akanyamaza muda, halafu akasema, "Ungekuwa na watu kama wenzako haya yasingetokea." Hakusema ningekuwa kwenye kundi. Alisema ningekuwa na watu.

Ni lazima nikueleze huyu kaka ni nani. Baba alipofariki mimi nilikuwa na miaka 11, yeye 19. Aliacha masomo akafanya kazi ili mimi nisiache yangu. Kwetu hakuna aliyenunua gari miaka 20 hii bila yeye kufungua boneti kwanza, na hajawahi kumchukulia mtu hata shilingi. Kwenye kundi la ukoo yeye ndiye anayeamkia watu kila alfajiri, picha ya jua na salamu, kila siku. Mimi salamu hizo zilikuwa zinanichosha, nakiri. Nilipoliweka lile kundi kumbukumbuni niliwaza mazogo ya watu 60. Sikuwaza kwamba kila alfajiri yupo mtu mmoja anayeangalia nani ameitikia.

Ili nisimhukumu bure, juzi nilikwenda naye kuliendesha hilo gari lake. Shangazi, gari si bovu. Lakini nikikata usukani mpaka mwisho na kuondoka taratibu, gurudumu la mbele linalia ka-ka-ka-ka. Kaka akasema hicho ni kiungo cha ekseli, kinabadilishwa, na kwa hilo nakubaliana naye. Linalonitia shaka ni gia. Ni otomatiki ya mkanda, ile isiyo na gia za kuhesabu, na likianza kuondoka linashtuka shtuka, hasa mwendo mdogo. Yule dereva mzee aliniambia gia ya namna hiyo ikishtuka, wakati mwingine ni oili yake tu haijabadilishwa, na wakati mwingine gharama yake inakaribia nusu ya bei ya gari, na kwa kuendesha huwezi kujua ni ipi. Nilipomwambia kaka, alinitazama kama alivyonitazama nilipokuwa na miaka 11 nikamwambia sitaki viatu alivyoninunulia.

Mwenye gari amekataa kurudisha kianzio. Anasema amewaambia wateja wengine limekwisha. Yule mama mstaafu ananisubiri Jumamosi hii, na leo ni Jumatano. Mama yetu amesikia, na neno alilosema ni moja tu: "Mkubaliane."

Nimewaza kumrudishia kaka kianzio chake kutoka kwenye pesa yangu nikanunue Honda ile. Itanibana, nitakaa bila bima kubwa kwa miezi kadhaa, lakini inawezekana. Ninachoogopa ni kwamba hatazipokea. Namjua. Atasema "acha tu," na hilo "acha tu" litakaa kati yetu miaka. Nimewaza pia kuchukua gari lake, nimwombe alipeleke kwa fundi wa gia kwanza, na oili ikibadilishwa likaacha kushtuka, basi. Lakini najua kila litakaposhtuka, hata kwa tuta, nitamkasirikia, naye hatakuwepo kujitetea.

Halafu lipo la simu. Wifi yangu ananiambia nirudi kwenye kundi, niitikie salamu, moyo wa kaka utapoa. Labda kweli. Lakini nikirudi kwa sababu hiyo, ndani ya mwezi nitakuwa napiga mswaki huku nampongeza mfiwa. Nimejaribu njia nyingine: jana alfajiri, kabla hajatuma lile jua lake, nilimpigia simu. Aliitika haraka, sauti ya hofu, "Kuna nini? Nani anaumwa?" Nikasema hakuna, nimekuamkia tu. Tukakaa kimya kidogo, wote hatujui la kuongea. Kisha akaniuliza kama yule mama wa Honda anajua lini mnyororo wa injini ulikaguliwa mara ya mwisho. Nikamwambia daftari lipo, lakini sikuangalia hilo. Akasema, "Angalia," akakata.

Sasa sijui, Shangazi. Hilo lilikuwa ruhusa au lilikuwa kaka tu, ambaye hawezi kusikia neno gari akanyamaza? Nimwombe aje nami Jumamosi, alifungue boneti yeye badala ya fundi? Au nitakuwa namtonesha kidonda, kumpeleka kukagua gari lililolishinda lake? Na kile kianzio nimrudishie kabla ya Jumamosi au baada?

Ukinijibu naomba iwe kwa maandishi, na mapema. Simu nimeificha juu ya kabati, mwanangu asiifikie.

Ni mimi msomaji wako,
Dada Mtu